Fundi wa Hadubini

Fundi wa hadubini ya elektroni katika maabara moja ya Kericho alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye matangani. Kila gamba la konokono alilipangusa kwa kidole gumba kabla ya kulivunja. Chelimo, mwanafunzi, alimletea mkebe wa magamba aliyookota kwenye shamba la chai la babake huko Boito. Kwenye skrini, fuwele za gamba la kwanza zilipangika kama matofali, ila safu ya mwisho haikuwa imekamilika.

“Konokono huyu alikuwa bado anajenga gamba lake,” fundi akasema. “Alikuwa hai ulipomchemsha.”

“Nilidhani wamekufa, mwalimu. Nilimchemsha ili kusafisha gamba. Hao wengine mkebeni sijawachemsha.”

Fundi akazima mashine. Katika ule ukimya, kitu kikakwaruza ndani ya mkebe. Akauinamia, akafungua kifuniko polepole.

“Mtusamehe,” akawaambia konokono.