Mita Haikuomba Hati

Juzi, kwenye dirisha la ofisi moja mjini Handeni, mbele yangu alisimama bibi anayeishi nyumba ya kupanga kule Mkata. Alikuwa amesikia kwamba wazee wamesamehewa kodi ya jengo, ile inayokatwa kila mwezi tunaponunua umeme wa luku. Akapitisha kitambulisho chake dirishani kwa mikono miwili.

“Shikamoo, bibi. Hati ya nyumba iko wapi?” karani akauliza.

“Marahaba. Mimi mpangaji, mwanangu.”

Karani akakirudisha kitambulisho, akikisukuma kwa ncha ya kalamu. “Msamaha ni wa mzee mwenye nyumba yake.”

“Lakini umeme nanunua mimi. Anayekatwa ni mimi.”

“Basi mwambie mwenye nyumba akurudishie.”

Bibi akacheka kicheko kikavu. “Nikimwambia leo, kesho nitaambiwa nihame, nyumba inafanyiwa ukarabati.”

Karani akatazama kupita juu ya kichwa cha bibi. “Anayefuata!”

Aliyefuata ni mimi, na kwa hasira nilisahau hata shida iliyonileta. Yaani mzee aliyejaliwa kujenga anasamehewa, halafu mzee asiye na hata tofali moja analipia jengo la mtu mwingine? Waliotunga msamaha huu walimwonea huruma nani, wazee au matofali? Kama wanajua kumkata mpangaji, wajue na kumsamehe. Kila mwezi mita inamkata yule bibi, na haijamwuliza hata siku moja hati iko wapi.