Udongo wa Bibi Ersilia

Miaka ishirini na miwili nimempogolea Bibi Ersilia mizabibu hapa Valtellina, milimani kaskazini mwa Italia, na sijawahi kumwona akimwomba mtu kitu. Alizaliwa kwenye mteremko huu na akaolewa huku huku. Kila majira ya baridi yakiisha hushuka na kikapu mgongoni, akachota udongo ulioporomoshwa na mvua, akaupandisha tena. Sote hufanya hivyo. Udongo ulioanguka ni wa mwenye shamba la juu, hata ukilala uani kwa jirani.

Mwaka huu ukuta wa mawe unaozuia udongo wa shamba lake ulibomoka, na udongo ukaporomokea shamba la chini. Alipofika na kikapu, bwana Gualtiero, aliyenunua shamba la chini mwaka jana na kulijaza udongo wa bondeni, alikuwa ameshautandaza udongo wote kwenye mizabibu yake.

"Bibi, udongo ni udongo," alisema. "Nitakuletea lori zima kutoka bondeni. Mweusi, umeshiba mbolea."

"Huo pandia kabichi. Mzabibu ukishiba unalala."

Masikio yaliniwaka kwa hasira. Mtu ananunua shamba na hajui kwamba udongo wetu ni mwamba uliosagika! Maji hayakai, mizizi inahangaika kuyafuata chini, na mawe yanatunza joto la jua mpaka usiku. Ndiyo maana mvinyo wa Bibi unanukia waridi kavu, na ule wa bondeni kwenye ukungu wa mto una ladha ya maji ya kusuuzia pipa. Na sasa mizizi ya mizabibu ya Bibi ilikuwa nje, baridi ya Machi bado inauma. Wiki mbili hivi, ingekufa.

"Haya, nionyeshe wako ni upi," Gualtiero alicheka. "Umeshachanganyika."

"Ngoja inyeshe."

Ilinyesha Alhamisi. Ijumaa, jua lilipopanda, shamba la Gualtiero lilikuwa bado jeusi, limelowa, isipokuwa mabaka ya kijivu yaliyokwisha kukauka. Lilionekana kama suruali yenye viraka.

"Viraka hivyo ni vyangu," Bibi alisema. "Au nikuletee miwani, kijana?"

Gualtiero alitazama viatu vyake. "Na nani ataubeba?"

"Mimi," nilisema. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Tuliinua ukuta upya, kisha tukabeba siku nne, mimi, Bibi na majirani, mpaka mizizi yote ikafunikwa. Gualtiero alisimama kando ya gari lake akitutazama. Hakushika hata kikapu kimoja, wala mpaka leo hajasema samahani.