Ujumbe Niliorudi Nao

Enzi zetu mtoto hakufungua mdomo mbele ya mkubwa mpaka aulizwe. Ukifika mahali, unasimama, unangoja. Mkubwa akisema "Warran?", yaani toa habari, ndipo unatoa. Mama alizoea kusema, "Mtoto ni kibuyu. Hamwagi mpaka ainamishwe." Watoto wa leo ni mfereji ulioharibika, wanamwaga tu mchana kutwa, tena kwa vidole, kwenye simu.

Ninyi mliokulia porini kama mimi, upande wa Hadado, mnajua. Maziwa ya ngamia yalinuka moshi kwa sababu chombo kilifukizwa kwanza. Utomvu wa mgunga tulitafuna mpaka meno yakashikana. Ngamia wetu wa kuchezea walikuwa mifupa ya mbuzi, na mimi nilikuwa na kundi kubwa kuliko wote. Mtoto wa leo ananunuliwa gari la betri, siku ya tatu limekufa, analia. Duksi, chuoni kwa Kurani, tuliandika kwa wino wa makaa juu ya ubao. Ukikosea, unaosha ubao, halafu mwalimu anakuosha wewe kwa fimbo. Hiyo ndiyo shule yangu yote. Kiswahili nilikikuta sokoni Garissa, nikiuza maziwa.

Sasa mjukuu wangu Hodan, anayeniita Ayeeyo, yaani bibi, yuko kidato cha tatu, na wanasoma kitabu cha mchezo wa kuigiza. Juzi tulikuwa tukichagua mawe kwenye mchele, akanisimulia. Kijana na msichana wanapendana, jamaa zao ni maadui, ujumbe unatumwa, haufiki, wanakufa wote wawili.

"Ayeeyo, mwalimu ameuliza, ni qadar ya Mungu ama ni makosa ya watu? Mimi naandika qadar, nimalize."

"Na yule aliyetumwa na ujumbe?"

"Huyo? Ayeeyo, huyo ni mtu mdogo sana. Hata hayuko kwa swali."

Nikaacha mchele.

Dada yangu Shamsa alikuwa na miaka kumi na saba, mimi tisa. Yusuf alikuwa wa ukoo tuliogombana nao juu ya kisima mpaka watu wakapasuana vichwa kwa rungu, halafu wazee wakapanga tunyweshe kwa zamu. Yeye na Shamsa walikuwa wamepatana kutoroka siku ya Ijumaa, wakutane nyuma ya zizi letu. Lakini waliotumwa kutafuta mvua wakarudi, wakasema imenyesha upande wa Habaswein, kesho tunahama. Shamsa hakuweza kutoka, alikuwa na mama wakifungua mikeka ya nyumba. Akaniinamia sikioni.

"Peleka mbuzi kisimani. Mwambie Yusuf tunahama kesho. Asije zizini, anifuate Habaswein."

Kisima kilikuwa mwendo wa nusu siku. Nilimkuta Yusuf kati ya ndugu zake, anavuta maji, anawaimbia ngamia. Nikasimama kando ya hori, nikangoja aniulize. Mbuzi wangu mmoja akatia mdomo kwenye hori.

"We mtoto! Toa hao panya wako kwa maji ya ngamia!"

Wanaume wakacheka. Labda Yusuf alinifokea hivyo ili ndugu zake wasishuku. Lakini panya! Mbuzi wa baba yangu! Niliwanywesha kwenye zamu yetu, nikawakusanya, nikarudi na ujumbe wangu mdomoni.

Jioni Shamsa akauliza, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Tukahama. Ijumaa Yusuf alikwenda zizini na kibuyu kidogo cha maji, maana alijua kwetu kuna maji. Akakuta miiba na majivu. Angegeuka mara moja, angekifikia kisima. Hakugeuka. Alimngoja. Wachungaji walimkuta siku ya nne, na kibuyu kikavu.

Habari zilipotufikia, wazee wakasema ni qadar. Mama akasema ni qadar. Neno likapita nyumba kwa nyumba kama chai, kila mtu akanywa, mimi nikanywa vikombe viwili. Shamsa peke yake hakusema kitu. Alinitazama mara moja, akaendelea kusuka kamba. Hakuniuliza tena, na mimi sikuulizwa, sikusema. Baadaye aliolewa na mwenye duka Habaswein, akazaa watoto saba. Leo ni mjane kama mimi, na kila Ijumaa tunaongea kwa simu, habari za mbuzi, magoti na sukari.

Nikamwambia Hodan yote.

"Mungu ameandika kila kitu, hapo sibishani. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Na usiandike kwamba ilikuwa adabu. Adabu ilinisimamisha pale horini tu. Kilichonirudisha nyumbani ni hasira."

Mtoto yule akasukuma mchele kando. Halafu akauliza, "Na Ayeeyo wa Habaswein anajua?"

"Mpigie."

"Leo si Ijumaa."

"Piga, wewe!"

Watu wa rika langu, tunawacheka hawa watoto kwa sababu wanasema kabla ya kuulizwa. Sisi tulingoja vizuri sana. Tulingoja mpaka meno yakang'oka. Simu ikalia mara tatu, halafu nikasikia sauti ya dada yangu, ikiuliza neno lile lile ambalo ameniuliza kila Ijumaa, miaka yote hii, nami namjibu habari za mbuzi.

"Warran?"

Nikamwambia.