Biriani Tuliyokula kwa Kujificha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kule mtaani kwetu Shari kila jirani anajua, lakini wiki ile ya Kampala nilinyamaza mpaka taya zikaniuma. Tulikuwa tumetoka Bunia, mume wangu na mimi na watoto wawili, binti wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka mitano, kwenda kumtembelea dada mkubwa wa mume wangu. Watoto niliwaahidi kitu kimoja: kila mmoja atachagua mgahawa wake, aketi kwenye kiti kama mtu mzima, aagize anachotaka. Nyumbani mtoto anakula kilichopikwa, basi. Kwa hiyo majuma mawili walinigombania simu, wakitazama picha za vyakula, na binti akaandika orodha yake nyuma ya daftari la shule.

Kilichokuwa nyuma ya safari hakikuandikwa popote. Huyo wifi yangu, niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, kama mume wangu anavyomwita, alikuwa anaishi peke yake, na aliomba binti yetu abaki kwake asome. Sababu zake zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Shule za kwetu mwaka ule zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa, leo kuna masomo, kesho watu wamekimbia. Halafu yaya ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni siku walipokimbia kijiji, yeye mwenyewe akiwa msichana tu. Mtu wa namna hiyo humwambii hapana. Mume wangu alipata neno moja la kujitetea: "Yaya, mutoto mwenyewe ndiye atasema." Yaya akakubali. Basi yote yakabaki juu ya binti, na mimi nilitaka kumsikia kabla ya wengine, tukiwa peke yetu.

Ndani ya nyumba ile haikuwezekana. Ilikuwa na vyumba viwili, ua mdogo na lango la chuma, na ufunguo wa lango yaya aliufunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakuufunga kwa ubaya. "Kampala iko na wezi," alisema, na usiku akamlaza binti yetu kitandani mwake mwenyewe. Alfajiri alikuwa ameshaweka maharage motoni. Hatujamaliza chai, anauliza saa sita tutakula nini. Hatujanawa mikono saa sita, anauliza ya jioni. Siku ya kwanza nilipotaja mgahawa alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mutoto ya mudogo yangu atakula ku resto, na miye niko muzima?"

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Binti akaniangalia mimi. Nikasema chakula cha yaya kinatutosha, na kweli kilitutosha, kilitufika hapa kooni. Siku tatu tulikaa hivyo, tunakula, tunaosha vyombo, tunasikia magari ya mji nje ya lango. Binti alikuwa anachezea chakula, anaacha nusu sahani, nami nikawa namtetea kwamba ni uchovu wa safari.

Siku ya nne, ya mwisho, yaya akaitwa kwenye kikao cha wamama wa kanisa, na mume wangu akamsindikiza. Nikasema ninawapeleka watoto kuwanunulia viatu. Ufunguo wa akiba alinipa kwa mkono wake, na roho yangu ikanisuta kidogo, siwezi kudanganya.

Viatu tulinunua kweli, sandali za plastiki, mbio mbio, hata hazikujaribiwa vizuri. Muda ulitosha mgahawa mmoja tu. Mdogo alitaka chipsi, na chipsi ziko kila mahali, kwa hiyo tukafuata daftari la binti: mgahawa wa biriani, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Menyu ilikuwa na picha, nikashukuru, maana Kiingereza changu ni cha salamu. Binti akaisoma ukurasa kwa ukurasa, akarudi mwanzo, akaanza tena. Mhudumu alikuja mara mbili, akaondoka mara mbili.

"Chagua upesi," nikamwambia.

"Mama, ulisema nichague."

Nikamwachia. Alichagua biriani ya mbuzi kwa sababu kwenye picha kulikuwa na yai. Sahani ilipokuja yai halikuonekana, akachimba wali kwa kijiko mpaka akalikuta chini, zima, limekuwa manjano, akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuvuke mpaka. Mimi nilikuwa natazama mlango. Mdogo alikula chipsi zake, akalala mezani, na ndipo nikamuuliza binti swali langu.

Hakufikiri hata. "Miye nataka kurudi na nyinyi. Shangazi ni muzuri. Lakini akiomba Mungu asubuhi analia, na ananishika mukono kwa nguvu. Miye sijui nimwambie nini."

Moyo wangu ulifurahi, Mungu anisamehe. Nikamwambia jioni baba yake atamuuliza mbele ya shangazi, naye aseme hivyo tu, polepole, kwa heshima. Akauliza kama shangazi atakasirika.

"Atakasirika na miye, si na weye."

Tulirudi nimembeba mdogo mgongoni. Nje ya lango tu nikasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, nikajua yaya amesharudi. Kikao kilikuwa kimeahirishwa. Yaya alikuwa ametandika meza uani: bugali, sombe, na wale samaki wakavu wa Kasenyi tuliomletea, aliowaweka siku zote ili tule pamoja siku ya mwisho. Mume wangu alikuwa amekaa anatungoja. Nikamvuta binti pembeni, bombani, nikajifanya namnawisha.

"Kula yote," nikamnong'oneza. "Ukiacha, atajua tumetoka kula."

Alikula. Tonge baada ya tonge, mpaka jasho likamtoka puani. Sahani ikawa nyeupe. Kisha, kwa akili yake mwenyewe, kwa kutaka kunisaidia, akainyoosha tena.

"Shangazi, uniongeze."

Yaya akamwongezea. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Kwetu mtoto akipelekwa kukaa kwa ndugu haulizwi kwa maneno, kwa sababu maneno hufundishwa na mama. Hutazamwa sahani. Anayetaka kwao huchezea chakula. Anayemaliza na kuomba tena amekubali nyumba. Naijua desturi hiyo tangu utoto, hata mimi nilipelekwa kwa mama mdogo namna hiyo hiyo, lakini hofu ya kushikwa na kosa dogo ilinisahaulisha. Siku tatu yaya alikuwa anaitazama sahani ya binti ikirudi nusu.

"Amesema," akamwambia mume wangu, machozi yanamtoka. "Umeona weye mwenyewe."

"Nimeona, yaya. Aksanti." Alijibu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa miaka yote ya ndoa sijamwona amelegea vile.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: amekula kwa sababu nimemwambia. Lakini kuisema hiyo ni kusema tulitoka kula nje, kwa uongo, kwa ufunguo wake, naye alikuwa amesimama motoni kwa ajili yetu. Mimi ninayegombana na watu sokoni mpaka wanahama upande, nilikusanya sahani. Kesho yake tulipanda basi la kurudi watu watatu.

Jioni ile binti hakuwa ameelewa. Alinifuata bombani na vikombe, tumbo limemjaa, anajivunia.

"Uliona nimemaliza yote? Sasa baba ataniuliza saa ngapi?"