Saa Yangu ya Mkono na Adhana ya Ushongo

Msinicheke kabla sijamaliza. Nilirudi kwetu Ushongo baada ya miaka mingi ya kukatisha tiketi za treni Nairobi, nikaapa sitakimbilia tena kitu chochote. Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kulala mchana.

Ramadhani ikaingia, na muadhini wetu, Mzee Shekue, akakaukiwa na sauti kwa mafua. Wazee wakanikabidhi adhana mimi, kwa sababu nilikuwa na saa ya mkono, tena nikiringa nayo mpaka mbele ya mbuzi.

Siku hiyohiyo, baada ya alasiri, nikajilaza kidogo. Nilipofumbua macho chumba kilikuwa na giza jepesi, na saa ilionyesha kumi na mbili na robo. Nikajua nimelala mpaka asubuhi, daku imenipita na alfajiri ya watu nimeiharibu. Nikatoka mbio, kanzu nimeivaa kinyume.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye baraza ya msikiti, wananitazama, kila mmoja na tende mkononi. Maskini, nikasema moyoni, wamenisubiri tangu alfajiri. Nikaadhini kwa nguvu zangu zote, mpaka pale pa adhana ya alfajiri pekee panaposemwa kuwa sala ni bora kuliko usingizi. Nikapasema mara mbili, kama inavyotakiwa, na kwa mvuto.

Nyuma yangu mtu akapaliwa na tende. Kisha nikamsikia shangazi yangu Mwanaidi kutoka uani kwake.

"Aliyelala ni wewe, baba. Sisi tunafuturu."