Hamira ya Mama Adela

Jamani, leo nimefumaniwa maabara na pakiti ya hamira.

Aliyenifumania ni Mama Adela, muuza maandazi wa hapa sokoni Nyakahura. Alifuata majibu ya mkojo. Mwaka huu ni mara ya tatu, ugonjwa uleule wa njia ya mkojo.

Akaiona pakiti.

"Mwanangu, mkojo wangu unaupikia maandazi?"

Nikamwamkia shikamoo kwanza. (Ningesema nini?)

Ikabidi nimwonyeshe. Tone la bakteria niliowaotesha kutoka kwenye mkojo wake, tone la hamira, juu ya kioo. Nikakitikisa kidogo. Yakatokea mabonge kama maziwa yaliyokatika.

"Wameshika sukari iliyo juu ya hamira," nikamwambia. "Kwenye kibofu chako wanajishikiza hivyohivyo."

Kwenye kioo cha pili nikatanguliza tone la manosi, sukari ya maabara. Nikachanganya. Hakuna bonge hata moja! Bakteria mikono imeshajaa, hamira hawaigusi.

Hapo nikajiona profesa.

Mama akakitazama kioo, akanitazama mimi.

"Sasa kama mnajua kinachowazuia, mbona mimi kila nikija mnanipa vidonge vilevile?"

Nimefungua daftari la chuo. Nimelifunga. Kwenye kioo imekubali, kwenye mwili wa mtu sijui. Kweli kabisa, sijui.

Nikamwomba asubiri nje kidogo. Hiyo ilikuwa saa nne. Sasa ni saa saba, bado yuko kwenye benchi hapo mlangoni na kikapu chake.

Wenzangu, nimjibu nini? Maabara hii ina mlango mmoja.