Nilipuliza Filimbi Mpira Haujaisha

Wasomaji wenzangu, msimtafute mchawi. Aliyeharibu ni mimi, kwa filimbi yangu mwenyewe! Jina langu silitaji, maana bado naishi huku huku Hanang na watu wananiamkia kwa heshima nisiyostahili.

Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa mwalimu kijana, nimeletwa kutoka Morogoro kufundisha shule moja upande wa Gehandu. Madawati tulikuwa nayo, watoto hatuna. Watoto wa wafugaji wa Getanuwas walikuwa machungani. Nikiwafuata nyumbani, wazee wananikaribisha maziwa, wananisikiliza kwa adabu, halafu haji mtu.

Aliyeanza kulegea ni Mzee Gidamis, mfugaji aliyesikilizwa na wenzake wote. Na kilichomlegeza si maneno yangu, ni mpira! Akipitisha ng'ombe karibu na uwanja wetu alikuwa anaegemea fimbo yake na kutazama mpaka mwisho.

Siku moja nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huu mchezo wenu nimeuangalia. Watu wanachoka, wanagombana, wanaanguka, lakini hawaondoki mpaka uishe. Na shule yenu iko hivyo?"

"Iko hivyo hivyo, mzee! Tukianza na mtoto, tunamaliza naye."

"Basi siku Gehandu na Gitting wakicheza, mimi natoa dume kwa mshindi. Nitaleta wazee wenzangu waone. Tukiona mwisho wake, tutaleta watoto."

Nilitamani kuruka! Binti yake mmoja alikuwa ameshaanza kuchora herufi mavumbini kwa fimbo ya kuchungia, anakosea, anafuta kwa mguu, anachora tena. Niliona darasa limejaa.

Sasa sikilizeni nilivyolimwaga darasa hilo. Katibu Kata akaniita. Mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani kuhimiza watu wahamie kijijini. "Mwalimu, kwa hotuba tu watu hawaji," akaniambia. "Wanakuja kwa mpira. Basi weka mpira, lakini usile muda wa mgeni."

Mtu mwenye akili angesema mpira una dakika zake. Mimi nilikuwa nautaka ualimu mkuu. Nikakaa chini, nikabuni kitu nilichokiita Mpira wa Kisasa. Wachezaji saba saba. Dakika tano kila kipindi. Magoli nikayatanua ili yafungwe haraka. Hakuna kurusha: mpira ukitoka nje, bwana wa kipaza sauti anatoa kaulimbiu, na wachezaji wote, hata kipa, wanainua ngumi kuitikia. Anayefunga hashangilii, anakwenda kwenye kipaza sauti kuyasifu maisha ya kijijini. Katibu alinipiga begani akaniita mbunifu. Nami mjinga nikavimba kichwa!

Siku ikafika. Gitting waliteremka kutoka mlimani kwa miguu, wanaimba. Wazee wa Getanuwas wakaja na fimbo zao na lile dume, jeusi, linang'aa. Nikapuliza filimbi.

Gehandu wakatangulia kufunga. Mfungaji akapelekwa kwenye kipaza sauti. Masikini, alijua kupiga mpira, kusema hakujua. "Kijiji ni... kijiji ni kizuri," akawa anagugumia, na kabla hajamaliza uzuri huo, Gitting wakasawazisha nyuma ya mgongo wake!

Kipindi cha pili, mshambuliaji wa Gitting akabaki na kipa peke yao. Uwanja mzima ukasimama. Katibu akaninyooshea saa yake. Nikapuliza. Mpira umeisha! Sare, bao moja kwa moja!

Wazee hawakuondoka. Walikaa chini, wakatulia, wakaegemea fimbo zao. Mgeni akahutubia mpaka jua likaanza kushuka, wala hakuna aliyesogea. Alifurahi kupita kiasi. Alisema tangu aanze kazi hajaona wafugaji wasikivu namna ile!

Jamani, hawakuwa wanamsikiliza. Walidhani ni mapumziko.

Hotuba ilipokwisha Mzee Gidamis akanifuata. "Mwalimu, wanarudi saa ngapi uwanjani?"

"Umeisha, mzee."

"Nani ameshinda?"

"Sare."

Nilidhani atachukua dume lake aende. Lakini Katibu alikuwa na hesabu nyingine. Akatangaza kwamba sare ni ushindi wa wote, na cha wote hupokelewa na mgeni kwa niaba ya wote. Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Dume likachinjwa pale pale nyuma ya ofisi. Waliotoka jasho wakapewa mchuzi, sisi wa meza kuu tukala nyama. Mimi nilipewa maini. Nikala! Nilikuwa na kipande mdomoni Mzee Gidamis alipopita mbele ya meza.

"Ng'ombe hakamuliwi nusu, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Shule ilipofunguliwa sikutegemea kumwona. Asubuhi ile akatokea na watoto, wake na wa wenzake, wamepakwa mafuta, wametulia. Nilikaribia kulia kwa furaha! Akakaa nyuma ya darasa, fimbo katikati ya magoti. Nikaandika "a" ubaoni. Wakaitikia wote. Yule binti yake nikampa chaki, akaiandika bila kutetemeka. Nikageuka niandike inayofuata.

"Inatosha," Mzee Gidamis akasema, akasimama.

"Mzee wangu, ndiyo kwanza tumeanza!"

"Hata ule mpira ndiyo kwanza ulikuwa umeanza."

Watoto wakasimama. Binti akarudisha chaki mezani taratibu, akanitazama asikie nitasema nini. Wakatoka mmoja mmoja, na kwa miaka mingi hakuja mwingine kutoka upande ule.

Ualimu mkuu nilipewa, tena kwa sifa. Mwalimu mkuu wa madawati!

Juzi juzi nilikuwa mnadani. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akainama, akachora "a" mavumbini kwa kidole. Nzuri kabisa, imenyooka.

"Mwalimu, siku ile baba aliposimama, herufi iliyokuwa inafuata ni ipi?"

Nikachuchumaa katikati ya ng'ombe na watu, nikamwandikia "e". Akaitazama sana. Mumewe akamwita, akaondoka, na ng'ombe wa mtu mwingine wakapita juu ya herufi zote mbili. Nililia mbele za watu, sikujali!

Wenzangu mnaopenda kufupisha mambo ya watu ili wakubwa wapate nafasi ya kusema, nawasihi. Mzee aliniuliza mpira unarudi saa ngapi, na watoto wake wameshakuwa watu wazima wakisubiri. Ukiwa na filimbi, angalia kwanza ni nani bado amekaa.